Neno la Kizungu la Kile Kilichokukaba

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Utanicheka kwa Kiswahili hiki. Ungekuwa hapa ungesema, "Kavira, unaongea sawa radio," halafu ungegeukia mchele wako. Lakini ndicho ninachokitumia kazini siku hizi na kimenizoea. Nikijaribu kukuandikia kwa kile chetu cha Beni nasikia sauti yako badala ya yangu, naanza kulia hata sijasema kitu. Kwa hiyo nivumilie.

Niko Bwera, huku Uganda, kwenye chumba chetu kilekile. Kesho asubuhi nakwenda Kasese, mahakamani. Nitakueleza sababu, ila kwanza nataka tupite tena mahali tulipopita pamoja. Kesho wataniuliza maswali na watataka majibu mafupi. Wewe hukuwahi kunitaka niseme kwa ufupi.

Tulikuwa shambani asubuhi, upande wetu wa Beni, tunapasua kakao. Wewe, mume wako Kambale, na mimi. Ulikuwa unamtania kwamba anagonga kakao kama mgeni anayeogopa kubisha hodi, naye anacheka bila kuinua kichwa. Wale waasi walitokea kwenye miti upande wa mto. Wengine walivaa gambuti, mmoja alikuwa na shati la shule. Hawakuuliza jina, hawakuuliza kabila, hawakudai kitu. Kambale alisimama, akainua mikono, akasema, "Bazee, sisi tuko balimaji tu." Panga likamwingia kati ya shingo na bega. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka.

Ukapiga yowe. Mmoja akakushika kwa nyuma, mikono yote miwili kooni, akakuinua mpaka visigino vikaacha ardhi. Alikuwa anakwambia, "Nyamaza! Nyamaza!" Nyamaza ya namna gani, na mtu hana hata pumzi? Niliona macho yako yakitoka. Nilikuwa nimeshika rungu la kupasulia kakao, nikampiga kisogoni kama tunavyopiga kakao. Pigo la kwanza halikumfanya kitu. La pili likamwachisha. Alipiga magoti, na wewe, kabla hata hujavuta pumzi ya kwanza, ulikuwa umeshalichukua panga lake.

Nitaandika ulichofanya, kwa sababu wewe na mimi hatukuwahi kukisema. Ulimpiga nalo mpaka likanasa kwenye mfupa, ukalivuta likakataa, ukaliacha humo. Wenzake walikuwa wameshaenda kwa majirani, moshi ulikuwa unapanda. Ukanishika mkono tukakimbia katikati ya kakao, na hukusema neno, maana sauti haikuwepo. Ilirudi tulipokuwa tayari Uganda, na iliporudi ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, kama ya mzee wa kiume. Hatukumzika Kambale. Wengine walimzika.

Pale Mpondwe, ng'ambo ya daraja, tulipita kati ya malori na watu waliobeba magodoro vichwani. Askari wa Uganda walikuwa wanapiga kelele, "Panga mstari! Kaa chini! Kaa chini wote!" Ukakaa. Mama mmoja wa hapa, mbeba mizigo, akakupa maji kwenye kikombe cha plastiki. Ulikunywa, yakarudi puani. Ukajaribu tena, yakarudi. Yule mama akanitazama mimi, akauliza kwa Kikonzo, "Dada yako anaumwa koo?" Nikajibu kwa Kinande, na tukaelewana kabisa, kwa kuwa lugha zao na zetu zilinyonya ziwa moja. Nikamwambia ndiyo. Nilidhani ni koo.

Alama za vidole zilififia shingoni, zikawa za njano, zikaisha. Ulianza kuuza mchele na mafuta ya mawese pale sokoni Mpondwe, ukanirudisha shule, ukaniambia nisome Kiingereza kama mtu anayekula. Watu walikusifu. Walisema mama huyu wa Kongo ana nguvu. Hawakuona unavyokata kola za blauzi zako zote kwa mkasi. Hawakujua kwamba rozari yako uliining'iniza kwenye msumari kwa sababu huwezi kuivaa, na kwamba mimi mdogo wako sikuruhusiwa kukusuka nikiwa nyuma yako. Ulinitaka nikae mbele, nikusuke kwa kupapasa. Nywele zako zilipinda kila upande, na wewe ulizivaa hivyohivyo mpaka kanisani.

Na kanisani je? Ile Jumapili ya kutakiana amani, mama mzee wa kwaya alipokuwekea mkono begani kwa nyuma. Kiwiko chako kilimpata puani. Damu ilidondoka kwenye benchi, kwaya ikakatika katikati, na wewe ulisimama pale unasema, "Samahani mama, samahani mama," huku ngumi bado imekunjwa.

Halafu yule wakala wa forodha. Alikuwa mtu wa utani, alitania kila mwanamke wa soko lile. Alikuja kwa nyuma, akavuta kitambaa chako cha shingoni, siku moja ya baridi uliyokuwa umejilazimisha kukivaa. "Mama Congo, leo umeniwekea nini?" Uligeuka na jiwe la mizani mkononi. Lilimpata mdomoni. Nilikuwa nimetoka shule, nilifika nikakuta watu wamejaa, yeye ameinama anatema meno kwenye kiganja, na wewe umeinua jiwe tena.

Kwenye kituo cha polisi afande alipiga meza.

"Wewe mama! Kwa nini unapiga raia?"

"Alinishika shingo."

"Ameshika kitambaa!"

"Na kitambaa iko wapi, afande? Si iko kwa shingo?"

Afande akakuangalia mikono, ambayo ilikuwa inacheza juu ya magoti yako kama ina injini. Akamgeukia wakala, na wakala, namshukuru mpaka leo, alisema kwa midomo iliyovimba kwamba hataki kesi. "Huyu mpelekeni hospitali. Huyu mtu anaumwa."

Ndivyo tulivyofika kliniki. Daktari alikuwa mwanamke wa kutoka Kampala, mpole, asiyejua Kiswahili wala Kikonzo, na mkalimani wao siku hiyo hakuwepo. Nikasema mimi najua Kiingereza. Ulinitazama kwa fahari hata katika hali ile. Alikuuliza mengi, ukajibu machache. Mwishowe akaweka kalamu chini, akasema kwamba ulichonacho kinaitwa "anxiety".

Neno hilo nilikuwa nimelisoma. Kamusi ya shule ilikuwa na jibu lake. Nikakugeukia nikasema, "Yaya, anasema uko na wasiwasi."

Ukasimama.

"Wasiwasi? Mimi?" Kiti kilianguka nyuma yako. "Kavira, umwambie huyu daktari, wasiwasi ni ya mutu mwenye anangoja matokeo ya mutihani. Wasiwasi ni ya mwanamuke mwenye bwana yake amechelewa kurudi. Mimi bwana yangu hatarudi. Mimi niko na mikono hapa!"

Ukajishika koo kwa mikono yako miwili, ukakaza. Ulikaza kweli, Yaya. Mishipa ilisimama kwenye paji, midomo ikabadilika rangi, na daktari akazunguka meza mbio, tukavuta vidole vyako kimoja kimoja. Alama zilirudi zilezile. Daktari alikaa sakafuni pamoja nasi mpaka ulipotulia. Alikupa vidonge, akakuomba urudi kila wiki. Vidonge ulivitupa mtaroni kabla hatujatoka getini, na njia nzima mpaka nyumbani hukunisemesha. Ugonjwa hukuukasirikia. Ulilikasirikia lile neno. Ulinikasirikia mimi niliyekupa neno dogo namna ile mbele ya mgeni, kama mtu anayempa mgonjwa wa mguu uliokatika plasta ya kidole.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, uliniambia tumfuate padri. Yule mzee wetu, mkimbizi kama sisi, aliyesoma seminari enzi ambazo Kilatini kilikuwa hakijafukuzwa. Tulimkuta nyuma ya nyumba ameinama kwenye vitunguu vyake, mbuzi wake wamefungwa pembeni. Hukumsalimu vizuri hata.

"Mon père, hii neno ya Bangereza, anxiety, ni nini?"

Alinitaka nilitamke herufi kwa herufi. Akanawa mikono kwanza, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Hii si ya Bangereza," akasema. "Bao baliazima tu. Ni ya Kilatini. Kuko neno, angere. Ni kukaba. Unashika mutu kwa koo, unakaza. Njo kutoka hapo balipata hii anxiety. Na sisi benye tulisoma Kifaransa tunasema angoisse, beko ndugu."

"Na wasiwasi?"

"Ah, wasiwasi ni ya Barabu. Hiyo ni kunong'ona. Shetani anakunong'onea mu sikio, ufanye hivi, ufanye vile."

Mimi nilikuwa nakuogopa. Niliona unafikiri kwa uso wote.

"Kwa hiyo hao bazee ba Roma balikabwa?"

"Inaonekana."

"Na nani?"

"Haikuandikwa, Masika."

Ukacheka. Tangu shambani sikuwa nimekusikia ukicheka. Kicheko kilitoka na ile sauti yako mpya, kikakwama, kikawa kikohozi, kikarudi kuwa kicheko, mbuzi wakavuta kamba zao kwa hofu, na padri naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Ulifuta machozi kwa kanga. Njiani ukaniambia, "Kavira, ulitafsiri mubaya."

"Nilitafsiri vile kamusi inasema."

"Kamusi haijakabwa."

Kesho yake ulirudi kliniki mwenyewe, ukanichukua darasani nikutafsirie. Ulikaa mbele ya daktari ukasema, "Umwambie neno yake ni ya kweli. Sasa atoe hiyo mikono." Nilimweleza yote, habari za Warumi na za padri. Alisema hakuwahi kulifikiria neno hilo hivyo, na kwamba mikono itatoka, lakini polepole, kwa sababu mwili wako umejifunza kitu kwa siku moja na utakisahau kwa miaka. Alikufundisha kupumua kama mtoto mchanga. Ulimcheka, ukafanya. Mimi nilipomaliza shule walinipa kazi palepale kliniki, ya ukalimani. Na kulikuwa na asubuhi, huenda hukumbuki, mimi nakumbuka, ulipokaa kwenye kigoda, ukanipa kitana, ukaniambia, "Leo simama nyuma."

Sasa nifike kwenye soko.

Ilikuwa mchana, siku ya soko, jua limewaka. Nilikuwa nimekuletea chakula. Kelele zilianzia upande wa malori. Mbeba mizigo mmoja, mwanamume mzima, mtu wa kwetu wa ng'ambo, alikuwa amechomoa simu kwenye mfuko wa mtu, na walimkuta nayo mkononi. Aliiba kweli. Walimpiga makofi, wakawa wanamvuta kwenda kwa polisi, na mambo yangeishia hapo. Lakini mtu mmoja, sijui nani, akapaza sauti, "Mwasi! Huyu ni mwasi wa kule!"

Wewe na mimi tunajua neno hilo linafanya nini pale. Hakuna ukoo upande huu wa daraja wala upande ule ambao haujazika mtu asiye na kichwa, au asiye na mikono, au kitambaa tu. Uso wa soko ulibadilika. Watu niliowafahamu, wauza nyanya, mafundi viatu, waliokota mawe. Walimpiga magoti yakapasuka. Walimpiga kwa mbao zenye misumari. Mtu akafungua kamba ya nailoni kwenye turubai la lori, wakamtia shingoni, wakaanza kuvuta kila upande, na hapo akatoa ile sauti ya mtu anayekabwa.

Uliisikia. Uliweka chini kipimo cha mchele.

Nilikushika gauni. "Yaya, usiende. Ni mwizi. Usiende."

"Niache."

Gauni lilichanika mkononi mwangu. Uliingia kwenye ule umati kwa viwiko, watu wakaanguka huku na huku. Nilikuona umefika, umeingiza vidole kati ya kamba na shingo yake, na damu ya vidole vyako inachuruzika kwa sababu walikuwa bado wanavuta. Ulikuwa unapiga kelele kwa ile sauti yako ya kiume. "Ni mwizi! Ni mwizi tu! Mumupeleke kwa polisi!" Hawakusikia, au walisikia wakakataa. Basi ukalala juu yake. Ukamfunika mzima, kama kuku.

Nikaona chuma kinapanda juu ya vichwa vya watu. Niliona chuma, sikumwona mtu. Kilishuka mara moja. Mlio wake ulikuwa mlio wa kakao.

Askari walifika wakapiga risasi hewani, na umati ukayeyuka. Waliokuwa na mawe wakawa wanapanga nyanya. Mwizi alitambaa akaingia chini ya lori, na kamba yake ikimfuata. Aliishi. Alifungwa kwa ajili ya simu.

Hospitali ya Bwera walisema upelekwe Kasese. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu, shuka ilikuwa imelowa mpaka kwenye gauni langu, na dereva aliendesha kwa hasira. Tulipita Kinyamaseke watu wakitoka shuleni. Kikorongo, pale njia panda, tulisimama nyuma ya malori na basi lililokuwa linashusha abiria, wauzaji wakaja madirishani na ndizi za kuchoma, wakaona, wakarudi nyuma. Ukafumbua macho.

"Ni wapi?"

"Kikorongo, Yaya."

"Yule mutu?"

"Anaishi."

"Alikuwa mwizi?"

"Ndiyo. Walimkuta na simu mkononi."

"Mupumbavu," ukasema. Ulivuta pumzi. Nilingoja useme tena. "Kavira. Kule chini yao, nilipumua muzuri."

Malori yakaondoka, nasi tukaondoka. Ulikufa kabla ya Kasese, pale milima inapoanza kusogelea barabara. Nilijua kwa sababu kichwa kilikuwa kizito ghafla. Sikumwambia dereva. Nilimwacha aendelee kupiga honi mpaka mjini.

Polisi waliuliza soko zima. Kila mtu alikuwa amekwenda msalani wakati ule. Nami nikarudi kazini, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kukaa. Nilipita sokoni nikitazama mikono tu, si nyuso. Nilikuwa naitazama mikono inayopima maharage, inayohesabu mayai, na kwa kila mkono niliwaza: ni huu? Nilianza kutembea na nyundo kwenye mkoba wangu, chini ya kanga, na kuna siku nililala nimeukumbatia mkoba wote. Nakwambia wewe. Padri sikumwambia.

Majuzi akaja mtu kliniki. Jina lake Bwambale, dereva wa bodaboda wa Kinyamaseke, mtu mnene kidogo, shati safi, kofia ameishika mapajani. Anajua Kikonzo tu, daktari hakijui, kwa hiyo nikaitwa. Unakumbuka nilivyokueleza sheria ya kazi yetu: mgonjwa akisema "mimi", mkalimani anasema "mimi". Hatusemi "anasema kwamba". Tunasema kana kwamba ni sisi.

Alisema pumzi inakatika. Alisema moyo unakimbia, kitu kinambana hapa, na akaonyesha. Anafikiri ni ugonjwa wa moyo. Daktari akamuuliza lini ilianza.

"Ilianza soko la Mpondwe," akasema. "Nilimpiga mwanamke kwa chuma."

Na mimi, Yaya, nilifungua mdomo wangu, nikasema kwa Kiingereza kizuri, Kiingereza ulichokilipia kwa mgongo wako: mimi nilimpiga mwanamke kwa chuma.

Kalamu ya daktari ilisimama. Aliniambia kwa sauti ya chini nitoke, atatafuta mtu mwingine. Nikamwambia hapana. Sikukaa kwa ushujaa. Nilitaka kusikia.

Akaendelea, nami nikaendelea. Binti yangu wa kwanza aliuawa pamoja na wenzake, wale waasi walivuka wakaja upande huu, nilimzika nusu. Niliposikia watu wanasema mwasi, nilichomoa chuma cha kubandulia tairi kwenye pikipiki. Nilimwona mwanamke amemlalia, nikajua ni mwenzao. Nilipiga mara moja. Halafu nikaona viganja vyake vina mchele. Mchele umegandana na damu. Nikajua huyu ni mama wa soko tu. Nilipanda pikipiki nikarudi nyumbani, na tangu hapo sipumui.

Nilisema yote hayo. Nilisema "viganja vyake" na sauti haikutetemeka. Daktari, huku macho yake yakiwa kwangu, akasema nimweleze mgonjwa kwamba hana ugonjwa wa moyo, ana "anxiety". Ningeweza kumpa wasiwasi, Yaya. Alistahili wasiwasi. Nikamtazama usoni, nikamwambia kwa lugha yetu, "Daktari anasema umekabwa."

Akaitikia kwa kichwa, tena na tena, akalia kwa sauti. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ndiyo, nimekabwa." Nilimchukia kwa jinsi alivyolielewa haraka.

Alipotoka nilimfuata. Nyundo niliiacha ndani, na sijui kama ni kwa kusahau. Nilimkuta uani kwenye tangi la maji. Nikasema, "Yule mwanamke aliitwa Masika. Ni yaya yangu."

Hakukimbia. Kofia ilimwanguka. Nilimpiga ngumi ya mdomo, nikampiga nyingine, nikamshika kola nikamgongesha kwenye tangi mpaka tangi likalia. Sikio lake lilichanika. Mfupa wa mkono wangu ulivunjika nikausikia, nikaendelea na uleule. Na yeye mikono ameishusha, anasema, "Piga. Piga, mwanangu." Hilo "mwanangu" lilinitia wazimu, nikavua kiatu. Walinitoa juu yake watu wengi. Daktari ndiye aliyenishika kiuno, hakuniachia, kilio chake nilikisikia mgongoni.

Wiki hiyohiyo Bwambale alikwenda polisi kwa miguu yake, na mdomo wake umevimba, akasema alichofanya. Hakuna aliyempeleka. Afande alinipigia simu, na hata yeye hakujua aanzie wapi.

Jana mke wake alikuja hapa na mtoto mgongoni. Nilidhani anakuja kuniomba nimsamehe mumewe. Alikaa kizingitini, akanitazama, akasema, "Sikuja kuomba. Nimekuja unione, ili mahakamani usiseme hukujua kama nipo." Nilimpa maji. Alikunywa, akanishukuru, akaenda kutafuta gari la Kinyamaseke.

Tangu habari zienee kila mtu ananiambia wewe ungetaka nini. Padri anasema Masika angemsamehe, kwani hakumlalia hata mwizi asiyemjua? Wanawake wa soko wanasema wanamjua Masika wa jiwe la mizani, Masika angetaka damu. Wote wako sahihi. Nilikuona ukiacha panga kwenye mfupa wa mtu, na nilikuona ukiingiza vidole kwenye kamba. Nikikaa peke yangu najaribu kukusikia, na ninachosikia ni mimi mwenyewe naigiza sauti yako.

Kazi yangu ni kuwasemea watu. Nimewasemea wajane, wanajeshi, na sasa nimemsemea hata aliyekuua. Wewe sitakusemea. Hakimu akiniuliza marehemu angependa nini, nitamwambia sijui, hakuniachia ujumbe, aliniachia gauni lililochanika.

Nitasema niliona chuma kikipanda na kikishuka. Nitasema kilichomtoka Bwambale mdomoni kule polisi, si kliniki, na kwamba alikwenda mwenyewe. Nitasema kuhusu tangi la maji, maana nitakuwa nimeapa kusema kweli na bandeji wataiona. Nitasema nataka afungwe. Na mke wake akiwa amekaa pale, nitasema nimemwona. Halafu nitakaa chini.

Mama mwenye nyumba amenipigia pasi gauni la kijani. Amenikatalia chakula cha jioni nisipokula mbele yake, kwa hiyo nakwenda kula. Pumzika, Yaya. Nikirudi kutoka Kasese nitapita kaburini kwako kung'oa majani, kwa mkono mmoja, utasubiri kidogo.

Mimi mdogo wako, uliyemvuta mkono katikati ya kakao,

Kavira